Klipu Zilizobaki Kwenye Sakafu ya Lado

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Yalianza kulalamika nikiwa bado nachanganya gundi, nikajifanya sisikii, hadi asubuhi moja nilipopiga goti kwenye bafu la watu na ikabidi wenzangu waje kuniinua. Siku hiyo nilifunga begi la zana nikarudi Busia. Sasa nyinyi mafundi wa vigae mliobaki Juba mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi, na mimi sina shughuli kubwa huku ila kumtazama mke wangu akipiga deki sakafu ya saruji isiyo na kigae hata kimoja. Ndiyo, chekeni. Yeye hacheki.

Nilifika Juba wakati nchi ilikuwa bado inasubiri uhuru wake, na kila mtu aliyekuwa na matofali alikuwa anajenga. Lori lilinishusha Sherikat, kando ya daraja, pale bidhaa za kutoka Uganda zinaposhushwa. Nilikuwa mwashi. Ukuta niliujua vizuri, lakini vigae nilikuwa nimevikanyaga tu, benki na hospitalini. Juu ya maboksi ya vigae alikuwa ameketi mzee mmoja mwembamba anakunywa chai. Huyo ndiye Mzee Opio, mtu wa Tororo, ambaye baadaye alinifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu sakafu na mambo machache ambayo sikuyahitaji.

"Wewe nafanya kazi gani?" aliniuliza.

"Mimi ni mwashi, mzee."

"Mwashi naenda juu. Sisi hapa nashuka chini. Goti yako iko mzuri?"

Nikamwambia ni nzuri. Nikikumbuka leo, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la maana zaidi siku ya kwanza ya kazi.

Siku hiyo hakunipa mwiko. Alinipa mpini wa nyundo uliovunjika, akaniambia nipite juu ya sakafu aliyoilaza jana yake nikigonga kila kigae na kusikiliza. Kigae kilichoshiba gundi chini yake kinatoa sauti fupi na nzito. Kile chenye uwazi chini kinalia kama sufuria. Niligonga hadi jioni, nikiwa nimeinama, watu wakipita na kuniuliza nimepoteza nini. Nilipomaliza aliniambia nivue viatu, nifumbe macho, na nitembee nikiburuta nyayo. Ukingo wa kigae ukisimama juu ya mwenzake hata kidogo, kidole cha mguu kinaujua. "Macho nadanganya wewe," alisema. "Kidole hapana." Kidole changu kilijua, na bado kina kovu.

Kazi zilikuwa nyingi kuliko mafundi. Siku ya uhuru yenyewe tulikuwa tunamalizia ukumbi wa hoteli moja upande wa uwanja wa ndege, kwa sababu wageni walikuwa wanashuka na mwenye hoteli hakutaka watembee juu ya zege. Tuliweka mwiko chini, tukatoka barabarani tukapiga kelele na wenye nchi yao. Mimi nilikuwa na saruji hadi kwenye nyusi. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia, nikamchafua gauni jipya, na hakujali. Nilifurahi siku ile kana kwamba bendera ilikuwa yangu. Kisha tukarudi ndani, maana gundi ya ndoo ilikuwa inakauka.

Shida ya vigae vya wakati ule lazima niieleze, kwa sababu nyinyi mmekuja vitu vimeshakuwa rahisi. Viliwasili kwa lori kutoka mpakani Nimule vikiwa vimechanganywa: boksi hili la kiwanda hiki, lile la kiwanda kingine. Vikubwa vilikuwa vimepinda. Ukivilaza viwili uso kwa uso uliona mwanga ukipita katikati. Misalaba tulikuwa nayo, ile midogo ya plastiki inayoshika nafasi sawa kati ya kigae na kigae. Lakini msalaba unalinda upana wa mwanya tu. Hauna la kusema kigae kimoja kikinyanyua pembe yake juu ya jirani.

Pale hotelini ndipo nilipoona klipu mara ya kwanza. Msimamizi mmoja wa ujenzi alikuwa anapanda ndege kurudi Nairobi, akaniachia mfuko wake wa klipu badala ya kuubeba. Mnazijua, lakini nitasema kwa ajili ya mke wangu anayesoma nyuma ya bega langu. Kitako cha klipu kinaingia kwenye gundi chini ya kingo za vigae viwili, shingo yake inachomoza juu kupitia mwanya, na kwenye tundu la shingo unasukuma kabari. Kabari inakandamiza vigae vyote viwili hadi viwe sawa. Unaviacha hivyo mpaka gundi ishike, siku ya pili unapiga kabari kwa nyundo ya mpira, shingo inakatika chini ya uso wa kigae, na huoni kitu tena. Unapiga kwa kufuata mwanya. Ukipiga kwa kuukata mwanya unabandua ngozi ya kigae, na hapo uanze kujieleza kwa mwenye nyumba.

Mzee Opio aliziangalia kama mtu aliyeletewa chakula cha mgonjwa. "Hii ni michezo ya watoto," alisema. "Mimi nalaza tile na mkono. Plastiki natufundisha nini?"

Na alikuwa na hoja, nawaambieni. Klipu hainyooshi zege bovu. Ukiikaza sana inavuta kigae juu kutoka kwenye gundi, kinabaki kinaning'inia, na ukigonga kesho kinalia. Kwa hiyo tuligombana miaka yote ya mwanzo, yeye na mkono wake, mimi na mfuko wangu, na tulikula pamoja kila siku.

Sasa nije kwenye kazi iliyonifanya nikubali kuandika.

Mama Keji alikuwa na duka la vitenge mjini. Alikulia ukimbizini Koboko, Uganda, Kiswahili alikitoa huko, na aliporudi nyumbani alianza kujenga mtaa wa Hai Malakal, kwenye uwanja wenye tukuli mbili, zile nyumba za msonge za udongo, na mti wa mwarobaini. Nyumba ya matofali iliinuka polepole, chumba kwa chumba, hadi mabati yakafika. Ilibaki sakafu. Alikuja kututafuta mwenyewe, kwa boda, akiwa na kigae kimoja kwenye mkoba.

"Fundi, mimi sitaki maua, sitaki kitu ya kung'aa," aliniambia. "Nataka sakafu ambayo gongo haitapata mahali ya kushika."

Magongo yalikuwa ya kaka yake, Lado. Mguu wake mmoja ulibaki kwenye vita vya zamani. Alitembelea magongo mawili ya mbao, na chini yake alikuwa amefunga vipande vya tairi alivyokata mwenyewe. Katika nyumba waliyokuwa wamepanga kabla, vigae vilikuwa vimelazwa na mtu wa haraka. Ncha ya gongo ilikamata ukingo wa kigae kilichosimama, Lado akaanguka na kuvunja nyonga. Alilala kitandani hadi mvua zikaja na kuondoka. Daktari alikuwa amewaambia wazi: akianguka tena vile, hatasimama. Tangu hapo alikataa sakafu zote za watu. Alikaa kwenye tukuli ya udongo, alikula humo na kupokea wageni humo, na kwenye nyumba ambayo dada yake alikuwa anaijenga kwa jasho kwa ajili yao wote wawili hakutaka kuingia.

"Akianguka mara ingine, kalas, imekwisha," Mama Keji alisema tulipokwenda kwake kuiona nyumba, akishusha sauti.

Sauti ikatoka ndani ya tukuli: "Dada, mguu ndiyo iko moja. Masikio bado iko mbili."

Nilimpenda Lado tangu neno hilo. Jioni ile nilimwambia Mzee Opio kwamba kazi hii siifanyi bila klipu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alisugua magoti yake, halafu akasema, "Kwa huyu, weka plastiki yako. Lakini chini naweka mimi." Na hivyo tukagawana: zege na gundi vyake, klipu na misalaba vyangu.

Sijawahi kufanya kazi taratibu vile. Mzee alisawazisha zege kwa uzi na pimamaji, akakwangua, akajaza, akapima tena. Tulifungua maboksi yote na kuweka kando vigae vilivyopinda sana. Jua la Juba linakausha gundi kabla hujageuka, kwa hiyo tulichanganya kidogo kidogo, tukapaka chini na nyuma ya kigae pia, na madirisha tuliyaziba kwa magunia. Lado aliketi kwenye kiti nje ya mlango akitazama. Aliuliza kila kitu. Kwa nini meno ya mwiko yaende upande mmoja? Ili hewa itoke, nikamwambia. Kwa nini kabari hii umeirudia? Ilikuwa imekazwa mno. Aliitikia kwa kichwa kama anayemsikiliza wakili wake mwenyewe.

Tulimaliza chumba cha nyuma kwanza, tukajaza mianya, kikakauka vizuri. Sebule tuliimaliza jioni moja. Sebule ndiyo iliyokuwa njia: kutoka mlango mkubwa hadi chumba cha nyuma hakuna pa kupita isipokuwa hapo. Tulipofika mlangoni tukirudi kinyumenyume, sakafu yote ilikuwa imejaa kabari, mistari kwa mistari, kama shamba la mahindi lililovunwa. Mzee Opio alikuwa na sheria kwamba hakuna mtu kukanyaga hadi siku nzima ipite. Siku zile za kumalizia tulikuwa tunalala pale pale uani.

Vita vipya vilianza usiku ule, mbali, upande wa kambi za wanajeshi, na watu wa mtaa wakaambiana kwamba vitaisha. Asubuhi vilikuwa vimefika kwetu. Sitaeleza nani alimpiga nani. Wenye nchi wanajua, na mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye vumbi. Nitasema tu kwamba risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati, na ukuta wa tukuli ni miti na udongo. Mtaa mzima ulijua nyumba ya matofali iko wapi. Kina mama wa jirani walikuja mbio na watoto wao, Mama Keji akawafungulia mlango.

Na mimi, Barasa, mtu mzima, mwenye mke na watoto, nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono na kupiga kelele: "Msikanyage! Gundi haijakauka!"

Ni fundi wa vigae peke yake anayeweza kufanya ujinga wa namna hiyo. Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Mama Keji aliniangalia kwa macho ambayo hadi leo nayaona. "Fundi! Ita majnun?" alisema, yaani, una wazimu? Nikasogea. Lakini nikawa naendelea kusema, sasa kwa kubembeleza, "Katikati ya kigae, mama, katikati, usiguse kabari," na ajabu ni kwamba wote walifanya hivyo. Walipita wamebeba watoto mgongoni, wanaruka kutoka katikati ya kigae hadi katikati ya kingine, hadi chumba cha nyuma kilicho mbali na barabara.

Akabaki Lado. Alikuwa ametoka kwenye tukuli na magongo yake, akafika kizingiti, akasimama. Mbele yake kulikuwa na sebule yote na kila mwanya una plastiki iliyosimama. Vitu tulivyoweka ili asianguke vilikuwa sasa mtego kamili wa kumwangusha. Magongo mawili na mguu mmoja vinahitaji nafasi pana, na nafasi haikuwepo. Tungeng'oa kabari, vigae vibichi vingeinuka pamoja nazo na kuwa vibaya zaidi. Nje hakukaliki. Niliona uso wake na nikajua anafikiria kurudi kwenye tukuli.

Mzee Opio alivua viatu. Akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo.

"Panda."

"Mzee, wewe umezeeka," Lado alisema. "Tutaanguka wote mbili, na mimi nikianguka hapana amka."

"Hii tile nalaza mimi," Mzee alisema, bila kugeuka. "Moja moja. Mimi najua kila moja iko namna gani. Panda, mtoto wa mama yako."

Lado alipanda. Mimi niliinua magongo nikawafuata kwa kutambaa. Mzee alitembea vile alivyonifundisha kupima sakafu, nyayo tupu zikitafuta kwanza, halafu uzito. Katikati ya kigae. Anatulia. Katikati ya kingine. Uzito wa watu wawili juu ya mguu mmoja, juu ya gundi ambayo haijamaliza siku. Nusu ya njia kitu kililipuka karibu sana, mabati yakatetemeka, vumbi likatumwagikia. Mzee alikuwa na mguu mmoja hewani. Hakuuteremsha haraka. Aliusubirisha pale pale, mwili wote ukitetemeka, hadi kidole kikapata mahali pake. Mimi nilifumba macho. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na sikuwa naogopa risasi.

Nilipofumbua walikuwa wamefika. Mama Keji alikuwa amemshika kaka yake shingoni kana kwamba ametoka mtoni. Mzee Opio aliketi ukutani na kuomba maji.

Tulilala kifudifudi mchana kutwa katika chumba kile, watu wazima na watoto, na hakuna aliyeumia. Kesho yake milio ilipopungua, jirani mwenye lori alisema anatoka sasa hivi kwenda Nimule na hamsubiri mtu. Nilitazama sebule. Gundi ilikuwa imeshika, na mkononi nilikuwa na nyundo ya mpira, lakini honi ilikuwa inapigwa barabarani. Mzee na mimi tulimbeba Lado kwa mikono tuliyofungamanisha, tukapita naye katikati ya kabari zile kwa mara nyingine.

"Na hizi?" Lado aliuliza, akiangalia chini.

"Tukirudi," nikamwambia.

Mama Keji alifunga mlango kwa kufuli, akafunga ufunguo kwenye ncha ya kitenge chake, na tukavuka daraja.

Nimule tuliachana. Wao walibaki kambini upande wa Uganda, Mzee akaenda Tororo, mimi Busia. Nililaza vigae vya mabafu na maduka huku nyumbani, kazi ndogo ndogo, na nitasema ukweli kwamba moyo wangu haukuwepo. Mtu ameacha mji unawaka na yeye anawaza sebule. Nilijiuliza kama mtu ameingia akazipiga zile klipu kwa teke la upande. Nilijiuliza kama hatua zetu zilibonyeza vigae vikaacha uwazi chini. Nilimpigia Mama Keji simu mara kwa mara. Kambini ardhi ilikuwa mawe na mashimo, aliniambia, na Lado hatoki. Anakaa kwenye mkeka mlangoni mwa hema. Mwili unalegea.

"Haulizi kitu ingine," alisema. "Anauliza tu sakafu yake. Kama iko sawa, atarudi kutembea. Kama haiko sawa, anasema atabaki kwa mkeka."

Maneno hayo nilikwenda nayo kila mahali. Nililala nayo. Kama sakafu ile ingekuwa imeharibika, sikujua ningemwambia nini.

Mji ulipotulia vya kutosha kwa watu kurudi, alinipigia: njoo. Nilimpitia Mzee Opio Tororo. Alikuwa amezidi kukonda na alisema hawezi tena kazi ya chini, halafu akapanda basi kabla yangu.

Hai Malakal tuliikuta nyasi zimepanda. Nyumba ya Mama Keji ilikuwa haina paa. Wezi walikuwa wamebeba mabati yote na mbao zake, kwa utulivu, kutokea juu, na kufuli mlangoni walikuwa hawajaligusa. Sijui ni adabu ya namna gani. Mama Keji alifungua ufunguo kutoka kwenye ncha ya kitenge, akafungua mlango, na tukasimama pale pale tulipokuwa tumesimama.

Mvua ilikuwa imenyesha ndani msimu baada ya msimu. Sakafu ilikuwa imefunikwa na tope, majani ya mwarobaini na mavi ya popo. Lakini kutoka kwenye tope kabari zilikuwa zimesimama, mistari kwa mistari, rangi imechujuka kwa jua. Hakuna mtu aliyekuwa ameingia. Kwenye mianya nyasi zilikuwa zimeota. Nilishika mlango.

Tulimwaga maji ndoo kwa ndoo hadi vigae vikaonekana. Kisha Mzee aliomba mpini wa nyundo, akaanza kugonga kutoka ukuta wa mbali. Mimi na Mama Keji tulisimama mlangoni kimya kabisa. Sauti fupi, nzito. Fupi, nzito. Kando ya dirisha kigae kimoja kililia, akaweka alama ya mkaa, akaendelea. Fupi, nzito, hadi mlangoni kwetu. Kimoja tu. Vile tulivyokanyaga sisi, vile Mzee alivyopita juu yake na Lado mgongoni, vyote vilikuwa vimeshiba. Nilisahau kwamba saruji inapenda maji. Mvua iliimwagilia vizuri kuliko mimi ningeimwagilia.

Niliketi chini kwenye tope na kushusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu Nimule.

Kupiga klipu ilikuwa kama sherehe. Jua lilikuwa limezikausha, zikawa zinakatika kwa kuguswa, ta, ta, ta, na kabari zikiruka hadi kwenye nyasi. Nilipiga kwa kufuata mwanya, vijana, nikiwa na furaha vile, bado nilifuata mwanya. Mzee aliokota moja, akaigeuza mkononi. "Hii plastiki si mbaya," alisema. Hakurudia tena hadi alipokufa, na mimi sikumwomba arudie. Tulibadilisha kigae cha dirishani, tukang'oa nyasi, tukajaza mianya, tukavua viatu tukaipita sebule yote macho yamefumbwa. Kidole hakikupata kitu.

Lado aliletwa kwa gari kutoka mpakani. Hatukuwa tumemwambia habari nyingine yoyote ila kwamba sakafu iko tayari aje aione. Alishuka na magongo yake, amekonda, akavuka uwanja polepole sana kichwa kimeinama. Tangu nimjue Lado alitembea hivyo, macho chini, hatua moja mbele ya gongo, maana yeye ardhi alikuwa haiamini. Kwenye kizingiti alisimama muda mrefu. Mama Keji alikuwa amejishika mdomo. Aliweka gongo la kwanza. Akaliburuta kwa makusudi mbele, nyuma, kando, akitafuta ukingo wa kulikamata. Akaweka la pili. Akaingia.

Alikwenda hadi ukuta wa mbali bila kuinua macho. Akageuka, akarudi. Mara ya pili alikwenda haraka zaidi, magongo yakipiga mlio mmoja ule ule, tok, tok, na mimi nikawa napumua nayo. Mara ya tatu alifika katikati ya chumba, akasimama, na akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya akiwa amesimama. Aliinua uso. Alitutazama sisi mlangoni, mmoja mmoja. Akatazama kuta, madirisha, kisha juu zaidi, na akabaki hivyo, mdomo wazi, jua likimpiga usoni.

"Dada," alisema. "Mabati iko wapi?"